Mayi Yenye Nilipandisha ku Mulima

Ule mwaka tulikula bukari, ule ugali wetu, ya mihogo mitupu. Bunga ya mahindi ilipotea mu soko, na ata bale benye bwana zao banatumika ku usine, kiwanda cha madini, balikula ya mihogo, nyeusi, ya kunata ku vidole sawa gundi. Asubuyi tulikunywa chai na bilazi, viazi ya kupika, na mangaribi bilazi tena. Mukisikia vile mutajua ni mwaka gani ninasema. Mi sijue namba yake. Nilisoma miaka mbili tu, kiisha baba akasema mwanamuke akijua kupika inatosha.

Munanijua. Mi njo ule kambo, bibi muzee mwenye kuuzisha bukari na sombe, majani ya mihogo, pembeni ya kituo cha taxi-moto hapa Manika. Niko mutu wa kuringa, siwafiche. Mutu akikula kwangu akiacha kitu mu sahani, ninamuuliza nini ilimukosea. Majina ya batu sitataja. Bengine beko hapa ndani ya kanisa, banajijua.

Binti yangu alikufa akaniachia mutoto mwanamuke wa miaka ine. Nilimulea mi peke yangu. Ule mutoto alianza kukimbia kwa kunitumikia. Ninamutuma ku mashini ya kusaga mihogo, na mbele moto ishike ku makala anarudia na bunga ku kichwa. Batu ba kuchimba benye kukula kwangu bakaanza kumuangalia.

"Kambo, huyu mutoto iko na moteur ya gari ndani?" moja akaniuliza.

"Moteur ni bukari yangu," nikamujibu. "We unakula kila siku na hauendi fashi yoyote."

Bakacheka. Nilipenda vile balicheka. Alipofika miaka kumi na nane alikuwa mu ekipe ya mbio ndefu, batoto kumi na moja, banaume na banamuke, na antreneri wao wa kubafundisha mbio, mwalimu moja mukonda wa masomo ya batoto badogo. Kila asubuyi balikimbia ku barabara ya Mutshatsha, kamio za mizigo zikipita, bakirudia kwangu na vumbi ku nyusi sawa bazee.

Siku moja ule antreneri akakuya, akakaa ku kiti changu cha batu ba heshima.

"Kambo, tunataka kupeleka batoto wikendi moja ku mulima."

"Kufanya nini ku mulima? Hapa barabara imeisha?"

Akanielezea. Kuko muji kamoja kadogo juu ya mulima, mbali na hapa, fashi ya baridi. Batu ba kukimbia mwendo murefu banaenda kule kwa sababu hewa ni kidogo. Mwenye kuzoea kule, akishuka huku anakimbia sawa ana miguu ya mutu mwingine. Tutaondoka siku ya tano, tulale. Kesho yake, siku ya posho, bapande mulima mpaka juu na kushuka, mara mbili. Siku ya Mungu bakimbie murefu ku mugongo wa mulima, kiisha turudie. Na mutu moja wa ekipe ya provinsi atakuwa kule. Anatafuta binti moja, moja tu, wa kupeleka ku mazoezi ya Kinshasa.

"Binti moja," nikasema.

"Moja, kambo."

Toka ile siku sikulala muzuri. Nilikuwa ninamuona kule Kinshasa na viatu vizima.

Bakaniweka mukubwa wa safari: chakula, malalo, mayi. Nani mwingine? Nilipika ku kambi za kanisa miaka mingi, nilipika ku matanga ya batu mia na chakula haikupunguka. Tukafanya mukutano mu parcelle, kiwanja cha nyumba yangu, mi, antreneri, na bamama ba batoto. Jirani yangu, ule mama wa kuuzisha nyanya, alikuya pia, ata kama hana mutoto mu ekipe. Anapenda mikutano.

Kamio nilipata mi. Inaleta makala hapa Manika na kurudia bure, mwenyewe anakula kwangu. Malalo nilipata mi, nyumba ya masomo ya kule, bakubali kusukuma mabanki ya kukalia pembeni. Blanketi mbili kwa kila mutoto. Bunga, chumvi, bitoyo ya samaki, mafuta, sufuria mbili kubwa. Yote nilikuwa nayo ku kichwa, sikuandika kitu. Tukafika ku mayi.

"Kambo, mayi usibebe," antreneri akasema. "Kule inatoka mu majiwe, safi. Batu ba kule banakunywa vile tu."

"Banakunywa na matumbo yao. Matumbo ya batoto betu inajua mayi ya hapa. Unataka siku ya posho bashinde mu choo?"

Mama wa nyanya akapiga mikono. "Kambo, na upepo utabeba ya hapa? Utie mu mufuko, batoto bapumue?"

Bamama bote bakacheka. Mi nikaudhika.

"We uuze nyanya," nikamuambia.

Bandugu yangu, sasa musikilize muzuri. Batu banafikiri nilianguka kule ku mulima. Hapana, nilianguka hapa, mu parcelle yangu, jua ikiwaka.

Nilikuwa na bidoni, madumu ine za manjano, za mafuta ya kupika, za siku mingi. Ya tano nilienda kununua ku soko: bidoni ya bleu, rangi ya mbingu, nguvu, kifuniko chake kinafunga mpaka unasikia kinauma. Munazijua. Nani hapa hana moja ku nyumba? Zinaingia ku usine na dawa ya kuyeyusha majiwe, dawa ikiisha zinatokea ku mulango wa nyuma, zinafika ku soko, na siye tunatia mayi ya kunywa. Mwenye kuuzisha akaniambia alisha kuisukula, kuiosha. Mi pia nilisukula, na majivu, na muchanga, mara tatu. Harufu kidogo ikabakia. Nikajisemea ni harufu ya kitu ya mupya.

Ile bidoni ya bleu nilifunga kipande cha kikwembe, kitenge changu ku mukono wake, nikaiweka pembeni. Ilikuwa ya mujukulu wangu peke yake. Batoto ba bengine bakunywe ya mu bidoni za zamani, zenye midomo ya kupasuka. Wangu akunywe ya mu bidoni ya mupya, juu wangu njo ataenda Kinshasa. Kwa bale bamama nilisema mayi ni moja na batoto bote ni bangu. Nilisema vile na hii mudomo yenye munaona.

Tukaenda. Batoto baliimba mu kamio mpaka sauti zikakauka. Tulifika jua haiyashuka bado, na baridi ilikuwa ya kushika masikio. Mbele ya nyumba ya masomo mayi ilikuwa inatoka mu jiwe, nyeupe, inapita mu nyasi. Banamuke ba kule balisimama kutuangalia tukishusha bidoni tano.

"Mama, munatuletea mayi ya kuuzisha?" moja akauliza.

"Ni ya batoto," nikajibu, shingo juu.

Bukari ilitoka kwa saa yake. Kila mutoto alijua fashi yake ya kulala. Antreneri alisema hajaona safari ya kupangwa vile. Nilikuwa ninatembea mu ile nyumba ya masomo sawa mi njo nilijenga.

Nikamumiminia mujukulu wangu kikombe mu bidoni ya bleu. Akakunywa, akakunja uso.

"Kambo, hii mayi ina ukali ku shingo."

"Ni bidoni ya mupya njo inafanya vile. Kunywa, kesho unapanda."

Akakunywa. Asubuyi nikamupa tena, vikombe vitatu. Mi njo nilishika kikombe. Hakuwa mutoto wa kubishana na mi. Nilimulea vile, na nilikuwa ninajisifu kwa batu juu ya ile.

Bakapanda. Mara ya kwanza alifika juu wa pili, nyuma ya binti wa kule kule. Bakashuka, bakapanda tena, na sasa alikuwa mbele. Tulikuwa tunaona nguo yake nyekundu inapita mu majiwe. Ule mutu wa provinsi akauliza, "Ule wa mbele ni wa nani?" Mbele antreneri afungue kinywa, nikasema, "Wangu."

Sikumaliza ata kugeuka. Nguo nyekundu ikasimama. Ikainama. Ikakaa chini.

Bakamushusha mu blanketi, batoto bane, kila moja ku pembe yake. Alikuwa anatapika, na ku blanketi kulikuwa damu. Nilishika kichwa chake. Akaniangalia, sikujua macho yake inasema nini. Sasa ninajua.

Ku dispensaire ya kule, lopitali kadogo, tulikuta infirmière, muuguzi mwanamuke kijana, mikono yake polepole, ya mutu wa kujua kazi. Akanusa kinywa cha mutoto. Akaniuliza, "Mama, batoto bote balikunywa mayi moja?"

Antreneri alikuwa amesimama nyuma yangu. Na ule wa provinsi. Na bale batoto bane benye kubeba blanketi, bale nilisema bote ni bangu.

Nikasema, "Moja."

Bandugu yangu, ninawaambia, hakuna mutu alinishika shingo niseme vile. Haya tu. Niliona haya ya kuitwa mwenye kupendelea mutoto wake. Kama nilisema mbili, angeuliza bidoni. Kama aliuliza bidoni, angenusa. Lakini bengine kumi balikuwa bazima, na mayi ni moja, basi mayi haina kosa. Akamupa dawa ya malaria. Tukangoja.

Siku ya Mungu hakuna mutu alikimbia. Ule wa provinsi alienda na jina ya ule binti wa kule. Siye tukashuka na kamio, mutoto amelala ku magoti yangu, na bidoni ya bleu karibu na miguu yangu. Niliirudisha. Mukifikiria, niliirudisha nyumbani, kwa sababu ilikuwa nguvu.

Hapa, ku lopitali, munganga, daktari wa kule, akaniuliza alikunywa nini. Nikasema sijue. Mara ya pili. Akasema shingo imeungua, na tumbo, na figo zimeguswa, na yeye hajue ni nini. Alilala kule miezi mbili. Munganga alimuambia asikimbie tena, asibebe kitu ya muzito, atembee tu, na akichoka akae. Siku ya kutoka tulitembea kutoka ku mulango mpaka ku taxi-moto, banamuke babili polepole, na mwenye kupumuzisha mwenzake alikuwa mi.

Sasa munajua maneno ya avenue, ya mutaa wetu. Mayi moja, chakula moja, batoto kumi bazima, mujukulu wa kambo njo anaanguka. Basi ni kambo. Kambo ni mulozi, alimuloga. Alikula miguu ya mutoto ili ya kwake ipate nguvu. "Hamuone vile anatembea mpaka soko kila siku na buzee bwake?" Ule kijana wa kuchimba mwenye kuniuliza moteur alianza kupita upande mwingine wa barabara. Sombe ikalala mu sufuria mpaka ikachacha, nikaimwanga, kesho nikapika ingine, nikaimwanga. Na mutoto wangu wa kuzaa, mujomba wa huyu binti, alikuya akasimama ku mulango, hakuingia.

"Mama," akasema, "kama ni weye, umuachilie."

Nikamuangalia yeye mwenye nilinyonyesha. Ilikuwa mi. Haikuwa vile alisema, lakini ilikuwa mi.

Kiisha batata batatu, bazee ba kanisa, bakakuya. Sio na makelele, hapana. Na heshima, na kofia mu mikono.

"Kambo, tunakuya na mapendo," mukubwa wao akasema. "Ukubali tu mbele ya kanisa kama ulikuwa na bulozi. Tutafunga siku tatu, tutakuombea, utafunguliwa. Batu batakula kwako tena."

"Na mutoto?"

"Na mutoto atapona, kambo. Ukifunguliwa weye, na yeye anafunguliwa."

Munajua nini? Nilisikia raha. Mulozi anaombewa, analia, anavaa nguo nyeupe, anarudishiwa kiti chake. Lakini mutu mwenye kushika kikombe na mukono wake, akamunywesha mutoto sumu, kiisha akadanganya infirmière na munganga juu ya haya, yeye anaombewa na wimbo gani? Hakuna. Nikabaambia ndiyo. Muandike ile pia, benye kujua kuandika. Nilisema ndiyo.

Ilibakia siku mbili. Mama wa nyanya akaingia mu parcelle. Yeye peke yake alikuwa anaingia bado. Kwa ndugu yake kulikuwa matanga, batu bamejaa, mayi haitoshe.

"Kambo, uniazime ile bidoni yako ya bleu, ya kitambaa."

Ilikuwa nyuma ya jikoni. Sikuigusa toka mulima. Yeye alisha kuishika ku mukono, alikuwa anaikungʼuta vumbi.

Bandugu yangu, pale njo ilinifika. Kama mi ni mulozi, basi bidoni haina kosa. Itaenda ku matanga. Batu bakilia bakichoka batakunywa, bazee, bamama ba kunyonyesha. Na mi nitakuwa ku kanisa na nguo nyeupe, bananiimbia.

"Uiache," nikamuambia.

"Kambo, ni ya siku mbili tu. Nitaisukula."

"Uiache, mama. Ile njo iliungulisha mutoto."

Akasimama. Nikamuambia yote, toka ile kitambaa mpaka ile "moja" yenye nilisema ku dispensaire. Sikulia. Nilisema sawa mutu wa kutapika, inatoka tu. Akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Ule mwanamuke mwenye kuchekea kila kitu akakaa chini mu vumbi.

Mujukulu wangu alikuwa ku mulango. Alisikia yote.

"Nilikuambia, kambo," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikuambia ina ukali. Ukasema ni ya mupya."

"Nilisema."

Akaingia ndani.

Nikakamata panga, nikakata ile bidoni vipande, asikuye mutu mwingine kuiokota, nikazika. Kesho yake nikaenda kwa munganga. Nikamuambia. Akaweka kalamu chini. "Kambo," akasema, "kama ulisema siku ya kwanza..." Akakamata kalamu tena, akabadirisha dawa. Toka pale mutoto alianza kubakisha chakula ndani. Miguu haikurudia. Munganga anasema ile haitarudia.

Batata batatu bakakuya kunipeleka kanisa, balivaa muzuri.

"Kambo, uko tayari?"

Nikabaambia, "Hapana. Haikukuwa bulozi. Ilikuwa mayi, na ile mayi ni mi njo nilibeba."

"Kambo, usijifungie mulango," moja akasema.

Mwingine akasema, "Bidoni? Siye bote tuko na bidoni ku nyumba."

"Njo juu ya ile ninasema," nikamujibu.

Bakaenda. Siwadanganye, haikukuwa sawa nilifunguliwa. Bengine banasema mpaka leo kama mi ni mulozi wa akili, nilijificha nyuma ya bidoni. Ku kanisa kiti pembeni yangu hakikaliwe. Bamama ba bale batoto kumi, babili balinitukana juu ya kuweka mayi ya wangu pembeni, na balikuwa na haki. Lakini ninapika tena. Sufuria moja, haiko mbili, na inaisha.

Ninashukuru mama wa nyanya. Alikula kwangu mbele ya batu bote, ku jua ya saa sita, sahani ku magoti, akisema kwa nguvu kama chumvi haitoshe. Ninashukuru munganga mwenye hakunifukuza. Ninashukuru bale batoto bane ba blanketi. Ninashukuru ule infirmière wa mulima. Nilimutumia neno na mutu wa kamio, ajue alinusa muzuri na mi njo nilimudanganya. Ninashukuru antreneri. Anakuya kumusalimia binti, anamuambia nani alikimbia na nani alichoka. Binti anasikiliza.

Mukitoka hapa, kila moja aende ku nyumba yake, afungue ile bidoni ya bleu, anuse. Usiseme ni harufu ya mupya. Ukate na panga. Na munganga akikuuliza, umujibu mara ya kwanza, ata kama nani anasimama nyuma yako.

Mujukulu wangu hakukuya leo. Nilimulomba. Akasema, "Enda we, kambo. Useme yote." Hajanisamehe, na simulombe ile. Nikimupa mayi, anakamata kikombe, ananusa kwanza, kiisha anakunywa. Kila siku, kila kikombe, mbele ya macho yangu. Ni muzuri. Anuse.

Tata wa kanisa, ninakuona pale mbele. Mbele nisimame hapa ulinishika mukono, ukaniambia niseme yote ninataka, lakini nimalizie na kufunguliwa kwa bulozi, juu batu barudie ku nyumba na nguvu. Ulisema na mapendo, ninajua. Ninakujibu mbele ya bote, sawa nilikujibu ku mulango wangu.

Hapana. Haikukuwa bulozi. Ilikuwa mayi, na ile mayi ni mi njo nilibeba.